Alama Nilizofuta Mwenyewe

Kasulu, Julai 2015

Skola mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Heru kumuaga bibi, na mimi nimebaki hapa mezani na sanduku lako la bati la kwenda nalo kidato cha tano, limejaa mpaka kifuniko hakitaki kulala. Nilisema siji kwa sababu nina madaftari ya kusahihisha. Madaftari niliyamaliza jana. Nilitaka saa mbili tatu niwe peke yangu na kalamu, kwa sababu kuna jambo ambalo nikilisema kwa mdomo nitalizungusha mpaka lipoteze sura, na wewe unanijua.

Habari za kufua, kula na kuchagua marafiki sitakuandikia. Mama yako amezisema wiki nzima, na nyingine umemmalizia wewe. Nataka kukuandikia habari za mwaka 2013, za kile chumba cha kompyuta na yale niliyomfanyia Domina. Tuliyapitia pamoja, lakini hatujawahi kuyazungumza mpaka mwisho. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tano. Mimi nilikuwa nimevuka arobaini, na kati yetu wawili, mtu mzima hakuwa mimi.

Niruhusu nianzie nyuma kidogo, Kumsenga, ambako umezaliwa na ambako hukumbuki.

Nilifika kule nikiwa mwalimu mpya kutoka Mbinga. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, unasikia wanafunzi wakikohoa na kucheka barabarani kabla hujaona hata mmoja. Harufu ya moshi wa kuni mbichi, migomba inadondosha maji, redio ya jirani inakoroma kwa sababu betri zimechoka. Mpaka leo nikisikia baridi ya namna ile nadhani nimechelewa kipindi cha kwanza. Kiha sikujua hata neno. Wanawake waliponisalimia njiani na kuongeza maneno, nilitabasamu na kujibu, "Ndiyo, ndiyo." Nilidhani neno ndiyo halimdhuru mtu.

Jumamosi moja mama jirani akagonga mlango wangu ameshika majembe mawili. Moja lilikuwa langu. Kumbe alikuwa ameniuliza kama nitakuja kumsaidia shamba la maharage, nami nikamwitikia kwa furaha. Nililima kutwa nzima, viganja vikatoka malengelenge. Msichana mmoja aliyekuwa analima mstari wa pembeni alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, kwa nini hukusema kwamba hujui?" Msichana huyo ndiye mama yako.

Hadithi hiyo umeisikia mara nyingi, na kila mara tunaicheka. Lakini nimekuwa nikiisimulia vibaya. Naisimulia kama habari ya jinsi nilivyompata mama yako, kumbe ni habari ya mtu anayeona aibu kusema sijui. Pale Kumsenga ilinigharimu malengelenge. Baadaye aibu hiyo iligharimu mtoto wa mtu.

Mwaka 2013 tulikuwa tumeshahamia huku Kasulu. Nafundisha hisabati katika shule ile ya njia ya Nyakitonto, wewe na Domina mko kidato cha tatu, dawati moja. Siku kompyuta tano za msaada zilipoletwa, mkuu wetu wa shule, Madamu Fausta, aliuliza kwenye kikao cha walimu, "Nani kati yetu anajua kompyuta?" Nikainua mkono. Nilichokijua ni kuchapa barua na kuzima mashine bila kung'oa waya. Nikakabidhiwa ufunguo wa chumba mbele ya wenzangu, nikautia mfukoni kama mtu aliyeuzoea.

Mashine zile zilikuja na mfumo wa Linux, ambao hakuna mmoja wetu aliyewahi kuuona. Nilitaka programu ya kuchora grafu, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuchora parabola ubaoni kwa chaki zinazokatika. Mama wa duka la intaneti mjini akanipakulia moja kwenye flashi. Alisema ni programu huria: mtunzi ameiachia dunia, kila mtu aitumie na aifungue aone ilivyotengenezwa. Nikarudi nayo shuleni, nikaifungua mkiwa mnatazama, wewe na Domina. Hapakuwa na picha ya kubonyeza. Yalikuwemo mafaili ya maandishi tu, mengi kama majani.

"Baba, hapo vipi?" ukauliza.

"Inahitaji muda," nikajibu. Sikujua inahitaji nini.

Jumatano iliyofuata nilikwenda gulio la karibu na kambi ya Nyarugusu, kwa sababu mama wa intaneti alisema kuna mkimbizi Mkongomani pale anayefundisha kompyuta. Nilimkuta Papa Zabuloni ameketi nyuma ya meza ya kuchaji simu, kati ya wauza dagaa na wauza vitenge, na kompyuta ya mapajani iliyong'oka vitufe vitatu. Nilianza kwa kumwambia kwamba mimi ni mtaalamu wa kompyuta wa shule. Akanitazama kwa upole.

"Bon, mwalimu. Sasa mtaalamu anatafuta nini kwangu?"

Nikampa flashi. Alicheka kidogo tu, bila dharau. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha Kongo kwamba nilicholeta ni msimbo, yaani maandishi ya programu kama yalivyotoka mkononi mwa mtunzi, na mashine haiwezi kuyatumia hivyo hivyo. Sharti yakompailiwe, yageuzwe kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Kazi hiyo haifanywi kwa kubonyeza picha. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri.

"Amri iko tatu," akasema. "Ya kwanza, configure. Hiyo inaingia jikoni na kuuliza: chumvi iko? Mafuta iko? Ya pili, make. Hiyo ndiyo kupika. Ya tatu, make install, kupakua chakula mezani. Sasa mashine yako haiko na chumvi. Itakataa. Itakuandikia erreur, makosa, mistari hata mia. Usiogope. Soma ya kwanza. Watu wote wanasoma ya mwisho, sababu ndiyo iko karibu na macho. Ya mwisho ni mtoto. Ya kwanza ndiyo mama yao."

Akanionyesha na jambo jingine. Ukitaka kurudia amri, huna haja ya kuiandika tena. Unabonyeza kishale cha juu kwenye kibodi, na mashine inakuletea ulichoandika mwisho, kisha cha kabla yake, kisha cha kabla ya hicho. "Yenyewe inakumbuka yote, hata ikizimwa," akasema. Niliporudi niliwafundisha ninyi wawili hilo kama jambo nililolijua tangu zamani.

Miezi ile miwili, Skola, ndiyo ninayoikumbuka zaidi katika maisha yangu yote ya ualimu. Jenereta linanguruma nje ya dirisha, kwa saa moja na nusu baada ya vipindi, mara mbili kwa wiki. Domina kwenye kibodi kwa sababu vidole vyake havikosei. Wewe pembeni na daftari la mraba, unaandika kila kitu ambacho mashine inasema haina. Mimi nimesimama nyuma yenu kama mwenye mali. Tunaandika amri ya kwanza, mistari inashuka, inasimama. Imekosa maktaba fulani ya programu, ile chumvi ya Papa Zabuloni. Naenda mjini kwa lori la mkaa, napakua, narudi. Tunaipata ile, inakosa nyingine. Mlikuwa mkiyaita hayo majina "wageni waalikwa", na mkawa mnabishana nani bado hajafika. Domina alikuwa akisema "buhoro, buhoro" kwa sauti ya chini kila mistari ilipoanza kwenda, pole pole, kama mtu anayemsindikiza ng'ombe mgonjwa. Mchana mmoja tulikaa dakika arobaini tusijue kosa liko wapi, yeye akainama na kusema, "Mwalimu, hapa tumeacha nafasi ambayo haitakiwi." Nafasi moja tupu kati ya herufi mbili. Mimi nilikuwa nimeitazama mara kumi.

Na siku ile ulipofungua moja ya mafaili ya msimbo ili usome tu. Katikati ya maandishi yale ukakuta mtunzi ameweka maelezo yake kwa Kiingereza, ukatutafsiria: "Sehemu hii sielewi vizuri kwa nini inafanya kazi. Anayejua zaidi yangu tafadhali airekebishe." Tulicheka sote. Mimi nilicheka kuliko ninyi. Nilijiambia, mtu mzima gani anaandika ujinga wake mahali ambapo dunia nzima itausoma?

Sasa Alhamisi ile.

Madamu alikuwa ameniambia kwamba wageni wa elimu kutoka wilayani watakuja wiki inayofuata, na angependa waone grafu. Ninyi siku hiyo mlikuwa zamu ya usafi. Ningeweza kusubiri. Sikusubiri, na sababu yake sijawahi kumwambia mtu: nilitaka nimalize peke yangu, ili wakiuliza nani kafanya, jibu liwe moja. Kila amri nikaitanguliza kwa jina la msimamizi mkuu, ambaye mashine haimbishii chochote. Nikaandika amri ya kwanza, ikapita. Ya pili ikaenda mbali, ikaanguka. Nikasoma mstari wa mwisho, nisiuelewe. Mafuta ya jenereta yalikuwa yanakaribia kwisha, nilisikia linakohoa. Nikaamua kufuta kila kitu nianze upya. Nikaandika amri ya kufuta vyote vilivyomo kwenye folda, nikabonyeza.

Haikuuliza kama nina hakika. Ilinyamaza tu, ikaleta mstari mpya.

Nikatazama kilichobaki. Hapakuwa na kitu. Ndipo nikaona kwamba sikuwa ndani ya folda ya programu. Nilikuwa kwenye folda ya juu yake, ile yenye alama za maendeleo za kidato cha nne, za masomo yote, ambazo shule ilikuwa inaziandaa kuzipeleka kwa ajili ya mtihani wa taifa. Mimi ndiye niliyeweka programu humo humo, kwa uvivu. Nakala ya alama ilikuwa kwenye flashi, nami nilikuwa nimeifuta wiki moja kabla ili nipate nafasi ya wageni waalikwa wetu. Jenereta likazimika. Nilikaa mbele ya skrini nyeusi kwenye kiti cha Domina, nikasikia wanafunzi wakiimba wakifagia uwanja.

Siku ya pili Madamu alitaka kuchapisha alama. Hazikuwepo. Akaja chumbani, akasimama mbele yangu.

"Mwalimu, nani alikuwa humu?"

Nimekirudia kisa hiki kichwani mara nyingi sana, na kila mara kuna nafasi kati ya swali na jibu, pana ya kutosha mtu kusema "Ni mimi." Nikasema, "Wasichana hushinda humu. Huyu Domina anapenda kujaribujaribu."

Ulikuwepo humo kila siku kama yeye. Sikukutaja. Nilikuwa na watoto wawili mbele ya jiwe linalorushwa, nikamkinga wangu nikamsukuma wa mwenzangu. Na katika familia zote za shule ile, nilichagua ile ambayo ingenyamaza.

Domina aliitwa chumbani humo nikiwa nimetoka, akaulizwa, akasema hakufanya. Akatumwa nyumbani akalete mzazi.

Jumapili baada ya misa Mzee Bukuru, baba yake, alikuja nyumbani kwetu na debe la maharage kwenye baiskeli. Unamjua. Alizaliwa Burundi, akaletwa huku mgongoni mwa mama yake, amelima ardhi hii maisha yake yote. Hakutaka kuketi kwenye kochi, aliketi kwenye kigoda cha mama yako karibu na mlango.

"Mwalimu, huyu ni mtoto," akasema. "Mimi kompyuta sijui. Wakisema ameharibu, basi ameharibu. Naomba tu jambo hili lisitoke hapa likaenda wilayani. Mambo yetu ya uraia hayajakaa sawasawa. Mtu akiandika kwamba binti wa Bukuru ameharibu mali ya serikali, mimi nitajibu nini?"

Nilitakiwa kupiga magoti. Nikasema, "Mzee, nitaona nitakavyoweza."

"Urakoze, Mwalimu," akasema. Asante. Akainama. Akanishukuru, Skola, na akatuachia maharage.

Mama yako hakujua chochote. Aliyapika jioni ile ile, na ugali wa muhogo, na akayaunga vizuri kwa sababu yalikuwa mapya. Nilikula. Wewe ulikaa na sahani yako mbele, mikono mapajani.

"Mbona huli?" mama yako akauliza.

"Nimeshiba."

Ulikuwa hujala tangu asubuhi. Nilinyanyua macho, nikakuta unanitazama, na nikajua kwamba unajua. Sikujua umejuaje. Nilimaliza sahani yangu, kwa sababu kuiacha kungekuwa ni kukiri.

Jumatatu baada ya vipindi ulinifuata chumba cha kompyuta. Hukubisha hodi. Ukawasha mashine, ukafungua dirisha jeusi, ukabonyeza kishale cha juu mara moja, mara mbili, mara tano, mpaka amri ile ikasimama pale, imetanguliwa na jina la msimamizi, ambaye neno lake la siri nililijua mimi tu.

"Baba, mashine inakumbuka," ukasema. "Ulitufundisha mwenyewe."

"Umeona lini?"

"Ijumaa."

"Siku tatu. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Hukulia, na hukupandisha sauti. Ungepandisha sauti ningepata pa kushika, ningekuambia uniheshimu. Ulichukua daftari lako la mraba, ukatoka. Nilibaki na lile neno "nasubiri". Mtoto wangu alikuwa amenipa siku tatu niwe mtu, nami nikazitumia kula maharage.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Madamu Fausta. Nilimwomba aite walimu, kwa sababu niliogopa kwamba nikimwambia yeye peke yake nitampunguzia mambo. Nikasimama pale ofisini nikasema kwamba alama nilizifuta mimi, kwamba kompyuta sikuzijua tangu siku niliyoinua mkono, na kwamba Domina hakugusa kitu. Mwalimu mmoja aliguna. Madamu alipanga kalamu zake moja moja.

"Kaa chini, Mwalimu," akasema mwisho. "Domina arudi kesho asubuhi, nitamwambia mwenyewe mbele ya mstari. Ufunguo niachie hapa. Na alama zote utaziandika upya kutoka kwenye madaftari ya walimu, kwa mkono wako, mpaka ziishe."

Jioni ile nikapanda baiskeli kwenda Nyakitonto, kwa akina Domina, na maharage yaliyobaki. Hii ndiyo sehemu ambayo hujawahi kuisikia kutoka kwangu.

Mzee Bukuru alinipokea vizuri mno. Domina alikuwa ameketi chini nje ya jiko, anamenya muhogo. Nikasema nilichokwenda kusema, wote wawili wakisikia. Mzee akayatazama maharage.

"Yakishaingia nyumba ya mtu hayarudi," akasema. Halafu, baada ya kufikiri, "Ungeweza kunyamaza, Mwalimu. Nani angejua?"

"Mimi nilijua," Domina akasema.

Hakuacha kumenya. Akaeleza kwamba ile Ijumaa, Madamu alipomwacha chumbani akaenda kuniita, alibonyeza kishale cha juu. Akaona amri na akaona jina. Baadaye, kabla hajaondoka kwenda nyumbani, akakuonyesha wewe. Kwa hiyo wewe ulijua kupitia kwake, na miaka yote hii umemtunzia siri hiyo, hata mimi hujaniambia.

"Kwa nini hukusema kwa Madamu?" nikamuuliza.

Alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa anatazama shamba.

"Nani angeniamini mimi, Mwalimu, akakuacha wewe?"

Mama yake akatoka na chai. Nikanywa kwa sababu wangeumia nisipokunywa.

Kilichofuata unakijua. Niliandika alama wiki mbili, baada ya vipindi, katika chumba cha jirani, kwa kalamu. Madamu alikupa wewe ufunguo Jumamosi mbili. Ile ya pili nilikuwa naandika somo la Baiolojia niliposikia jenereta linabadilisha sauti, halafu wanafunzi wakipiga kelele. Nikatoka. Ulikuwa umepakia programu upya kutoka kwenye flashi, ukasoma kosa la kwanza badala ya la mwisho. Kumbe kilichokuwa kinatuangusha ni toleo la zamani la maktaba moja tu, ambalo hata mimi ningeliona kama nisingekuwa na haraka ya sifa. Amri zote tatu zilikuwa zimepita. Kwenye skrini kulikuwa na parabola, imekaa sawasawa, imepinda kama ilivyotakiwa, na wanafunzi ishirini wamejazana wanaishangilia kama goli.

Domina alikuwa mlangoni. Ulimwita, nilikusikia. "Njoo uone, wageni wote wamefika." Alitabasamu. Alichungulia, akaiona, lakini mguu wake haukuvuka kizingiti. Kisha akaenda zake, na hakuingia tena chumba kile mpaka mlipomaliza kidato cha nne.

Nilikuwa nadhani, mwanangu, kwamba ukikiri kosa, kosa linakwisha. Nililelewa hivyo, kanisani na nyumbani. Kukiri kulinisaidia mimi. Nililala usingizi. Walimu wenzangu, baada ya miezi michache, waliniheshimu kuliko mwanzo, na wengine walianza kuniambia mambo wasiyoyajua wao. Lakini kwa Domina kitu fulani kilifutika ambacho hakikuwa na nakala. Mwezi wa tisa anakwenda chuo cha uuguzi, na nafurahi kwa ajili yake. Labda angependa uuguzi hata bila mimi. Hilo ndilo linaloniuma: siwezi kujua.

Nimemfikiria sana yule mtunzi wa programu ambaye hatumjui sura wala nchi. Aliandika sielewi, akaiweka hapo hapo kwenye kazi yake, na kazi ikaendelea kufanya kazi. Mtu mwingine mahali fulani labda ameshairekebisha. Mimi niliishi miaka arobaini nikidhani kwamba nikisema neno hilo mara moja, nyumba yote itaniangukia. Sikupi hili kama fundisho. Wewe hulihitaji, ulikuwa unauliza "hapo vipi?" bila aibu tangu ulipoanza kusema. Nakuambia ili siku ukikutana na mtu kama mimi, mwalimu au bosi au mume, anayejibu haraka mno, ujue anaogopa nini.

Mwaka huu nimepita tena gulio la Nyarugusu. Limebadilika, watu wapya wamefurika kutoka Burundi, na mahali pa meza ya Papa Zabuloni pamekaa mama anayeuza sabuni. Wanasema familia yake imechukuliwa kwenda nchi ya mbali yenye baridi. Sikuwahi kumwambia yaliyotokea. Nilitamani ajue kwamba parabola ilichorwa.

Jambo la mwisho ni la jana. Ulikuwa umekwenda sokoni, Domina akaja. Aliuliza basi lako linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja alfajiri, stendi ya mjini. Akasema atakuja kukuaga, atalala kwa shangazi yake pale mjini. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na wewe Mwalimu utakuwepo?"

"Nitakuwepo," nikasema.

Akafikiri. "Basi sawa," akasema, akaondoka.

Sijui ile "basi sawa" ilikuwa na maana gani. Tangu jana naipima. Inaweza kuwa amenisamehe, inaweza kuwa alitaka kujiandaa kuniona, inaweza kuwa ni adabu tu aliyofundishwa na baba yake. Zamani ningeamua inamaanisha kile ninachopenda. Sasa nasema sijui, na naiacha hivyo.

Naona vumbi kule barabarani, nadhani ni ninyi. Kesho nitapandisha sanduku lako juu ya basi na kulifunga kamba, halafu nitasogea pembeni, ninyi wawili muagane kwanza, kwa muda wowote mtakaotaka. Mimi nimeshakuaga hapa.

Baba yako